Je, ubao wetu ulitoka katika Sultana, merikebu ya Seyyid Said iliyofika New York?

"Assalamu alaikum mtaalamu. Nyumbani kwetu Mji Mkongwe kuna kipande cha ubao mzito, urefu wake kama dhiraa moja, chenye misumari miwili ya rangi ya shaba iliyoota ukijani. Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba kilitoka katika Sultana, merikebu ya Seyyid Said iliyokwenda Marekani, na kwamba babu yake alikuwa baharia humo. Mwanangu alipoipeleka habari hii skuli, aliambiwa na mwalimu kwamba Sultana lilikuwa jahazi lililoundwa hapa Unguja, kwamba Rais wa Marekani aliwakataa farasi wa Seyyid kwa dharau, na kwamba safari ile ilikuwa ya wakubwa watupu. Sasa kuna fundi anayetaka kuupiga randa ubao wetu na kuupaka vanishi tuutundike ukutani, na kuna mtu yuko tayari kuununua. Kipi ni kweli katika haya, na je, kipo kipimo cha kutuhakikishia kwamba ubao huu ni wa Sultana?"

Waalaikumu salamu, dada yangu. Kabla ya yote nakuomba umzuie fundi. Randa ikipita mara moja tu juu ya ubao huo, alama za tezo, mabaki ya kalafati na rangi za zamani zitaondoka pamoja na maranda, na hayo ndiyo mambo pekee ambayo ubao wenyewe unaweza kutueleza. Ukishamzuia, keti tuzungumze kwa utulivu, kwa sababu barua yako imefunga pamoja mambo mawili ambayo lazima yafunguliwe na kutazamwa mbalimbali: habari ya merikebu, ambayo inajulikana vizuri, na habari ya ubao, ambayo ni ngumu zaidi kuliko mnavyodhani.

Nianze na mwalimu. Sultana haikuwa jahazi, wala haikuundwa Unguja. Iliundwa Bombay, katika gudi la Mazagon, mwaka 1833, kwa amri ya Seyyid Said bin Sultan aliyekuwa akitawala Maskati na Zanzibar. Ilikuwa na milingoti mitatu, matanga ya mraba na matundu ya mizinga, na uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 300 hivi. Wazee wetu hawakuchanganya maneno katika jambo hili. Walisema merikebu kwa chombo cha namna hiyo na jahazi kwa chombo cha tanga la pembe, na neno manowari waliliweka kwa chombo cha vita. Wewe mwenyewe umeandika "merikebu" ulipomnukuu babu yako, na kama hilo ndilo neno alilolitumia, basi alikuwa sahihi kumzidi mwalimu.

Tofauti hii ina maana, kwa sababu ndiyo inayoeleza jinsi safari ilivyowezekana. Jahazi hubeba tanga kubwa lililofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoshikilia tanga, na chombo hicho ni hodari mno katika Bahari ya Hindi kwa kuwa bahari yetu ina pepo zenye miadi: kaskazi hukuleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi hukurudisha. Nahodha anayengoja msimu wake husafiri akiwa na upepo nyuma au ubavuni, na haimlazimu kubisha, yaani kwenda akikata huku na huku dhidi ya upepo, mara kwa mara. Lakini ukishuka kusini na kuikaribia Rasi ya Tumaini Jema, miadi ile inakwisha. Upepo hugeuka ghafla, mawimbi huwa makubwa, na kuligeuza tanga la jahazi katika hali hiyo ni kazi ya hatari, kwa kuwa foromali lote pamoja na tanga lake huhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi wa pili. Merikebu ya milingoti mitatu imeligawa tanga lake katika vipande vingi, na kila kipande kinaweza kukunjwa peke yake na watu wachache, hata nahodha akapunguza tanga kidogo kidogo kadiri upepo unavyozidi. Sisemi kwamba jahazi ni chombo duni. Ninachosema ni kwamba kila chombo kimeumbwa na bahari yake, na Seyyid Said, aliyekuwa na merikebu nyingi za mtindo wa Kizungu zilizoundwa Bara Hindi, aliujua ukweli huo vizuri.

Sultana iliondoka Maskati mwishoni mwa mwaka 1839, ikapitia Zanzibar kuchukua shehena, na mwanzoni mwa 1840 ikashika njia ya kusini kuizunguka Afrika. Tarehe 30 Aprili 1840 ilitia nanga New York, mji uliokuwa na watu zaidi ya 310,000 ambao wengi wao hawakuwahi kuiona merikebu ya taifa la Kiarabu bandarini kwao. Ndani yake kulikuwa na tende magunia 1,300, mazulia ya Kiajemi, na kahawa ya Mocha. Kutoka kwetu ilichukua pembe za ndovu 108, masanduku 81 ya sandarusi (utomvu mkavu wa mti), magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Nimezitaja hesabu hizi makusudi, dada yangu, kwa sababu watu huisimulia safari ile kana kwamba ilikuwa matembezi ya kupeleka salamu, ilhali ilikuwa biashara kwanza. Miaka saba kabla, yaani Septemba 1833, Seyyid Said alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani aliyefika Maskati kwa manowari iitwayo Peacock, na wakati huo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa tayari wakija Unguja kununua pembe na sandarusi na kutuuzia kitambaa ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani. Seyyid alitaka kujua kama na yeye angeweza kuuza kwao moja kwa moja, kwa chombo chake mwenyewe.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu wake, mtu wa makamo aliyekuwa tayari ameona miji mingi. Usukani ulishikwa na Mwingereza aitwaye William Sleeman, baharia aliyejua njia lakini aliyeshindwa na pombe, na sehemu kubwa ya tabu za safari ile ilitokana na udhaifu wake huo. Merikebu ilifika ikiwa imechakaa vibaya. Hapo likatokea jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote katika kisa hiki: serikali ya Marekani iliichukua Sultana, ikaipeleka katika gudi la jeshi lake la majini pale New York, ikaitengeneza kwa gharama yake yenyewe, na ikamrudishia Seyyid merikebu iliyo bora kuliko ile aliyoituma. Wakati mafundi wakigonga misumari, Ahmad bin Naaman alitembezwa mjini, akakaribishwa na madiwani, akapandishwa treni ya Long Island mpaka Hicksville, na akakaa kitako mbele ya mchoraji Edward Mooney, ambaye picha yake aliyomchora ndiyo inayotuonyesha leo sura yake, kilemba chake na ndevu zake. Mwenyeji wao mkubwa alikuwa Komodoo James Renshaw wa gudi lile, na watu wa mji walijazana juu ya sitaha kuangalia, wakawachosha wageni kwa udadisi wao.

Sasa nije kwenye farasi. Seyyid alimpelekea Rais Martin Van Buren zawadi za kifalme: farasi wawili wa Kiarabu, upanga uliopambwa kwa dhahabu, lulu, shali za Kashmiri, zulia la hariri, marashi na mafuta ya waridi. Ni kweli kwamba Rais hakuzipokea ziwe mali yake, lakini hakukuwa na dharau hata chembe. Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 9, inamkataza mtu mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi yoyote kutoka kwa mfalme au dola ya nje bila ya idhini ya Bunge. Waliotunga sheria hiyo walihofia kwamba mkubwa wao angeweza kununuliwa kwa lulu na farasi. Van Buren alieleza udhuru wake kwa maneno ya heshima, na Ahmad bin Naaman, aliyekwisha kutumwa na bwana wake na hawezi kurudi nazo, akaona aibu ya pande mbili. Bunge ndilo lililowatoa wote katika dhiki hiyo: liliruhusu zawadi zipokewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakapigwa mnada na fedha yake ikaingia hazina, na vitu vingine vikawekwa hadharani Washington katika jengo la Ofisi ya Hataza, yaani ofisi ya kusajili uvumbuzi, ambako mwaka 1848 wezi waliingia usiku wakaiba vito vilivyokuwa humo, na lulu za Seyyid zikiwemo. Mweleze mwalimu, kwa adabu, kwamba kwetu kukataa zawadi ni tusi, na kwa hiyo si ajabu habari hii kusimuliwa hivyo, lakini kule iliyokataa ilikuwa sheria.

Kuhusu dai la kwamba safari ilikuwa ya wakubwa watupu, hapa ndipo babu yako anapostahiki kusikilizwa. Merikebu ya milingoti mitatu haiendeshwi na katibu. Katika Sultana walikuwamo Waarabu, malaskari, yaani mabaharia wa Kihindi, na Waafrika, ambao baadhi yao walikuwa watumwa wa maofisa waliokuwa ndani ya chombo hicho hicho. Watu hao walitia nanga katika mji ambao sheria yake ilikuwa imekwisha kuufuta utumwa tangu mwaka 1827, na katika nchi ambayo majimbo yake ya kusini yalikuwa bado yakiuza watu mnadani. Magazeti ya New York yaliwataja mabaharia kwa jumla, kwa mavazi yao na rangi zao, si kwa majina yao. Kwa hiyo mtu wa Unguja kuwamo katika safari ile ni jambo linalowezekana kabisa, na kutoliona jina lake gazetini si ushahidi kwamba hakuwamo.

Hata hivyo nina wajibu wa kukufanyia hesabu ya miaka. Sultana iliondoka New York tarehe 9 Agosti 1840, safari hii ikiongozwa na Sandwith Drinker, Mmarekani ambaye alikuwa akiandika kumbukumbu zake za kila siku, ikarudi Zanzibar Desemba ya mwaka huo huo. Kama babu yako alizaliwa katika miaka ya 1920, basi babu yake yaelekea alizaliwa baina ya 1860 na 1870, na mtu huyo hakuweza kuwa sitahani mwaka 1840. Sisemi kwamba marehemu alikosea. Katika lugha yetu "babu yake" huweza kuwa babu wa nne au wa tano, na masimulizi ya ukoo huruka vizazi bila ya kukusudia. Lakini lipo jibu jingine ambalo lazima tulipime kwa uaminifu: kwamba mzee huyo alikuwa baharia kweli, katika merikebu ya sultani kweli, lakini ya sultani mwingine.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na vyombo vyake, na mashuhuri kuliko vyote ni Glasgow, iliyoundwa Uskochi mwaka 1878. Kiunzi chake kilikuwa cha chuma, lakini mwili wake ulivikwa mbao za msaji (mtiki) na shaba. Ilizamishwa hapo hapo mbele ya Forodhani tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Waingereza na Zanzibar vilivyokwisha chini ya saa moja, na milingoti yake ilibaki ikichomoza majini kwa miaka mingi mpaka mabaki yalipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 1870 mpaka 1884 bandari yetu ilikuwa na London, manowari kuukuu ya mbao ya Kiingereza, iliyotiwa nanga hapa iwe kituo cha boti zilizokuwa zikiyasaka majahazi ya watumwa. Mwaka 1884 iliuzwa ivunjwe. Unaona, basi, kwamba mtu wa Mji Mkongwe mwenye kipande cha merikebu nyumbani ana sababu zaidi ya moja ya kuwa nacho, na Sultana si ya kwanza katika orodha hiyo.

Nizungumzie vipimo, kwa sababu najua hamu yako iko hapo. Watu wengi huniuliza kuhusu kipimo cha kaboni, wakidhani kitatoa mwaka. Mti ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani, na ukikatwa sehemu moja ya kaboni hiyo huanza kupungua kwa mwendo unaojulikana, na mwendo huo ndio unaohesabiwa. Tatizo ni kwamba kiasi cha kaboni hiyo hewani kilipanda na kushuka sana baina ya katikati ya karne ya 17 na katikati ya karne ya 20, hata ubao wa 1700, wa 1830 na wa 1900 huweza kutoa majibu yanayokaribiana. Kwa kitu cha umri huu, kipimo hicho kitakula fedha yako na kukupa jibu pana lisilokusaidia.

Kipimo chenye manufaa ni rahisi zaidi, nacho ni kuujua mti. Kijipande kidogo kama ncha ya kiberiti, kikikatwa vizuri na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha mpangilio wa vinyweleo ambao kila mti unao wake. Ukiwa mwaloni wa Ulaya, Sultana inakuwa mbali sana, na London inasogea karibu. Ukiwa mvule, huenda ni ubao wa jahazi au hata wa boriti ya nyumba. Ukiwa msaji, mlango unabaki wazi kwa Sultana na kwa Glasgow, lakini pia kwa vyombo vingi mno vya Bombay na Surat, na hata kwa milango ya Kihindi iliyopo mitaani kwenu. Msaji ulipendwa kwa kuwa una mafuta yake ya asili yanayouzuia usioze upesi na usikilishe chuma kutu. Misumari nayo husema kitu: mwaka 1832 George Muntz wa Birmingham alisajili aloi, yaani mchanganyiko, ya shaba na zinki iliyokuja kutumika sana katika vyombo vya baharini, na msumari wa aloi hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka huo. Ukiwa ni wa shaba tupu, hauthibitishi kitu, kwa sababu misumari hiyo iliendelea kutumika muda mrefu.

Kwa hiyo nitakuwa mkweli kwako. Vipimo vinaweza kuthibitisha kwamba ubao wako si wa Sultana, lakini peke yao haviwezi kuthibitisha kwamba ni wake. Kinachoweza kukusogeza mbele ni karatasi na midomo ya watu, na katika hivyo viwili nianze na midomo, kwa sababu karatasi zinangoja lakini wazee hawangoji. Keti na mzee aliyebaki katika ukoo, umrekodi kwa simu, umwache aseme bila ya kumkatiza na bila ya kumtajia Sultana kwanza. Muulize baharia yule wa kale aliitwa nani, mwana wa nani, alikaa mtaa gani, alizikwa wapi, na ubao uliingiaje nyumbani. Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Kitu kilichochukuliwa kutoka pwani baada ya merikebu kuvunjwa kina njia yake, na baharia aliyepewa ubao wakati chombo kikitengenezwa ana njia nyingine.

Ukiwa na majina hayo mkononi, nenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, uonane na watunzaji ana kwa ana. Usiwapelekee ubao mara ya kwanza. Wapelekee picha zilizopigwa kwenye mwanga wa asubuhi, pande zote, pamoja na rula kando yake. Ukitaka ubao utazamwe na mtaalamu wa mbao, au ukiona nyufa mpya, ungaunga wa kijani unaozidi kwenye misumari au dalili za mchwa, basi hapo usingoje: wasiliana na idara inayohusika na makumbusho na mambo ya kale, na umwombe mtu aje nyumbani. Huyo anayetaka kuununua mweleze kwamba hauuzwi kwa sasa. Ukiuuza kwa jina la Sultana, utakuwa umeuza neno usiloweza kulithibitisha, na kitu cha kale kina sheria zake kabla ya kutoka nchini, ambazo idara hiyo hiyo itakueleza.

Kwa leo, ubao usioshwe, na misumari isisuguliwe kwa ndimu wala ukwaju kama tunavyofanya kwa sinia za shaba, kwa sababu ule ukijani ni ngozi iliyobaki kuilinda. Mbao zilizokaa baharini huhifadhi chumvi ndani, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa masika na kuuachia kiangazi, hata ubao ukapasuka kidogo kidogo. Uweke ndani, mbali na jua na ukuta wa chokaa unaotoa maji, juu ya kitu kilichoinuka kutoka sakafuni, ukiwa umefunikwa kwa kitambaa cha pamba na si nailoni. Ikiwa bado una kipande cha merikani safi, kisicho na rangi wala wanga, kitafaa kabisa. Na fundi wako msimwache bila kazi: mwambieni awaundie sanduku la mbao kavu, pana kuliko ubao kwa vidole vinne kila upande, lenye matundu ya kupitisha hewa, na ndani ya kifuniko chake mbandike karatasi yenye jina la babu yako na maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema.